Zile punje nyeupe kwenye nyama ya nguruwe ni nini? Nimeshakula, na shemeji yangu anaanguka kifafa

#1 Mkwe_wa_Mbozi
Wakuu, heshima kwenu.

Wiki iliyopita nilikuwa ukweni, Mbozi ndani kabisa, kutoka Vwawa unapanda bodaboda mpaka kiuno kife ganzi. Tulikwenda kumaliza matanga ya babu yake mke wangu. Wakachinjwa nguruwe wawili, na mimi kama mkwe nikapewa heshima ya kusimamia moto. Tulipokata paja la yule wa pili nikaona punje nyeupe zimetapakaa ndani ya nyama, utadhani mtu kamwagia wali. Ukiibonyeza inapasuka na kutoa maji. Nikamuuliza mchinjaji. "Hayo mafuta, mkwe. Huyu kanona." Wazee wakacheka, mmoja akasema wa namna hiyo ndiye mtamu.

Giza likaingia, komoni, ile pombe ya kienyeji, inazunguka, nyama ikatupwa kwenye makaa kwa mapande makubwa. Langu lilikuwa limeungua nje, ndani jekundu. Nikala. Sikutaka waseme binti yao kaolewa na mtu wa mjini.

Kilichonileta ni hiki. Shemeji yangu, miaka 28, alianza kuanguka mwaka jana. Utotoni hakuwa na tatizo lolote. Mara ya mwisho kaangukia motoni, kaungua mkono mpaka kwenye kiwiko. Mhudumu wa zahanati alisema ni nyama ya nguruwe isiyoiva. Mama mkwe anasema kuna mtu ndani ya ukoo. Baba mkwe anasema ni urithi, shangazi mtu alikuwa hivyohivyo. Na pale kijijini si yeye peke yake, nimehesabu watano kwenye kitongoji kimoja.

Zile punje ni nini? Zinaleta kifafa kweli? Na mimi niliyekula nifanyeje?

#2 Chumvi_Kidogo
Umekula kwanza, sasa unauliza. Mkuu wewe ni mwanaume wa shoka 😂

#3 Fundi_Kitimoto
Nina jiko la kitimoto mwaka wa kumi na moja huu. Hayo si mafuta na mchinjaji wako anajua kabisa kwamba si mafuta. Mafuta hayapasuki yakatoa maji. Sisi tukikuta nyama ya hivyo tunamrudishia aliyeileta, ugomvi unaanzia hapo.

Sitasema uongo lakini, wapo wanaokatakata vipande vidogo, wanakaanga kwa mafuta mengi mpaka inakauka, mteja anakula na ndizi zake na kachumbari, hajui lolote.

#4 Mtumishi_wa_Bonde
Mambo ya Walawi 11 iko wazi, nguruwe ni najisi. Mnatafuta majibu ya nini tena.

#5 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Mtumishi, tutarudi kwako.

Mkwe, ulichoona ni watoto wa tegu, ule mnyoo mrefu wa tumboni. Kila punje ni kifuko cha maji, ukubwa wa kati ya nusu sentimeta na sentimeta moja, na ndani yake kuna kichwa cha mnyoo kinangoja. Nguruwe huwapata kwa kula kinyesi cha binadamu mwenye tegu, au majani na maji yaliyochafuliwa na kinyesi hicho. Vifuko hukaa kwenye nyama, hasa ulimi, moyo, misuli ya taya, bega na paja. Ndiyo maana mkaguzi wa nyama anachana ulimi, moyo na taya kabla hajapiga mhuri. Huyo wenu hakukaguliwa na mtu, alichinjwa nyuma ya nyumba.

Ukila nyama ile haijaiva, kile kichwa kinajishikiza kwenye utumbo wako na ndani ya miezi kama miwili una mnyoo mzima. Anaweza kufika mita 25.

#6 Chumvi_Kidogo
Mita 25?? Hiyo si minyoo, hiyo ni kamba ya kuanikia nguo za hosteli.

#7 Nesi_wa_Zamu
Afisa mifugo, shikamoo, ila hapo kwenye urefu umechanganya mafaili. Huyo mrefu kupindukia ni wa ng'ombe. Wa nguruwe kwa kawaida ni mita 2 mpaka 7.

Mkwe, soma hapa polepole maana ndipo kila mtu anapokosea, hata sisi wa zahanati. Kula nyama yenye punje hakukupi kifafa. Kunakupa tegu tumboni, basi. Anaweza kukaa miaka humo, wengi hawasikii chochote zaidi ya tumbo kuvurugika kidogo. Kifafa kinatokana na kumeza MAYAI ya huyo tegu, na mayai yanatoka kwenye choo kikubwa cha mtu mwenye tegu. Ukiyameza, mwili wako unafanywa kama wa nguruwe: mayai yanaanguliwa, watoto wanapita kwenye damu, wanajenga vifuko kwenye misuli, kwenye macho, na kwenye ubongo. Vya kwenye ubongo ndivyo vinavyoangusha watu.

Kwa hiyo swali la shemeji yako si "alikula nyama gani" bali "nani karibu yake ana mnyoo, na anaosha mikono?"

#8 Mkwe_wa_Mbozi
Subiri. Yaani mtu asiyekula nguruwe kabisa anaweza kupata kifafa cha nguruwe?

#9 Nesi_wa_Zamu
Ndiyo.

#10 Mrangi_wa_Kondoa
Sasa hapo mnatuingiza na sisi tusiohusika 😅 Mimi Muislamu, hiyo kitu haijawahi kuingia nyumbani kwangu. Nesi nakuheshimu ila hapo sijaelewa.

#11 Msomaji_Kimya
Nesi yuko sahihi, na kuna kisa maarufu. New York, miaka ya mwanzo ya 1990, walikutwa Wayahudi wa dhehebu linaloshika sana sheria za chakula wakiwa na vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Watu ambao nguruwe hawamsogelei. Madaktari wakachunguza, ikaonekana chanzo ni wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye ugonjwa huo, ambao bila kujua walikuwa na tegu na ndio waliokuwa wakishughulika na chakula. Iliandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1992.

Kwa hiyo Mrangi, kachumbari ya mama lishe haina dini.

#12 Mrangi_wa_Kondoa
Astaghfirullah. Nimeacha kachumbari.

#13 Fundi_Kitimoto
Jamani msiniharibie biashara, kachumbari ndiyo inauza kitimoto.

#14 Mpogoro_Original
Naomba nipinge kidogo. Msiwape nguruwe kesi zote. Mimi kwetu Mahenge. Kifafa kwetu ni tangu enzi za mababu, yule daktari mama kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alifungua kliniki ya kifafa pale mwanzoni mwa miaka ya 1960, na akaona watoto wanaotikisa kichwa kama wanaosinzia kabla ya kuanguka. Watafiti waliofuata wakasema kwetu kinachohusishwa zaidi ni usubi, wale nzi wadogo wa mtoni wanaoleta upofu. Vijiji vilivyo karibu na mito inayokwenda kasi ndivyo vyenye wagonjwa wengi.

Nguruwe tunao pia, na tunawala sana tu. Kwa hiyo anayekuja na jibu moja la nchi nzima, mimi namtilia shaka.

#15 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Mpogoro umesema kweli, lakini Mbozi si Mahenge. Nimefanya kazi nyanda za juu kusini miaka mingi. Kule nguruwe anafungwa mahindi yakiwa shambani tu, ili asile mazao ya watu. Yakishavunwa, kamba inakatwa, anajitafutia. Na watu wakienda shamba la mbali hawarudi nyumbani kwa ajili ya haja, wanaingia kichakani, nguruwe yuko nyuma anasubiri. Nimewahi kuona kwa macho yangu watoto wanamfukuza kwa fimbo amalize mwenzao.

Nesi, ahsante kwa masahihisho ya mita.

#16 Mama_Degedege
Mnasahau malaria. Mwanangu alipata malaria kali akiwa na miaka miwili, degedege siku mbili mfululizo, tangu hapo anaanguka mpaka leo ana miaka 14. Hatujawahi kufuga nguruwe. Na jirani yangu mtoto wake alichelewa kulia alipozaliwa, naye ni hivyohivyo. Kila mtu ana yake.

#17 Nesi_wa_Zamu
Pole mama. Ni kweli kabisa, malaria kali na shida wakati wa kuzaliwa ni visababishi vikubwa huku kwetu. Ndiyo maana nilishtuka kusikia shemeji wa Mkwe kaanza akiwa na miaka 27 bila historia yoyote. Kikianza ukubwani, sehemu zenye nguruwe wa kuzurura, tegu anaingia kwenye orodha mapema. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo mengi yenye ugonjwa huu, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wanatokana na tegu, na kwenye jamii zilizo hatarini zaidi inaweza kufika 70. Lakini hiyo 30 maana yake 70 nyingine ni mambo mengine, akiwemo wa kwako.

Mtoto anameza dawa?

#18 Mama_Degedege
Fenobabitali. Zikiisha zahanati tunanunua.

#19 Baba_Ubaya_Ubwela
Mnajua kuna watu hawataki hata kumshika mtu akianguka? Kwetu wanasema lile povu linaambukiza, na akijamba wakati anaanguka ukiwa karibu ndio umekwisha. Nilishuhudia kijana anaungua mguu, watu wazima wanane wamesimama wanaangalia.

#20 Mkwe_wa_Mbozi
Hiyo ya povu hata ukweni ipo. Shemeji anakula kwenye sahani yake, kikombe chake kina alama ya rangi. Mkono ulivyoungua aliyemvuta ni mdogo wake wa miaka kumi.

#21 Msomaji_Kimya
Habari ya kuungua inanikumbusha Papua, upande wa Indonesia, kwenye maziwa ya Paniai milimani. Miaka ya 1970 hospitali ya kule ilianza kupokea watu wenye majeraha makubwa ya moto, wengi kwa mpigo, na hakuna aliyeelewa. Usiku ni baridi, watu wanalala wamezunguka moto ndani ya nyumba. Kumbe walikuwa wanapata kifafa usingizini na kuviringikia motoni. Tegu hakuwahi kujulikana kule kabla, inaelezwa aliingia na nguruwe walioletwa kutoka Bali kama zawadi ya serikali. Wenyeji walikuwa wakioka nguruwe kwa mawe ya moto, nyama ya ndani inabaki mbichi.

Kama Mbozi Juni na Julai, watu wanalala jikoni kwa baridi. Fikiria mwenyewe.

#22 Mluhya_wa_Busia
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Hata sisi huku Busia ni hiyo hiyo maneno, nguruwe zinatembea barabarani kama watu wako na kitambulisho. Broka akikuja kununua anaangusha nguruwe chini, anaweka kijiti mdomoni, anavuta ulimi na kitambaa, anapapasa chini yake. Akipata vipele anakataa ama anakupea bei ya kutupa. Sasa mkulima akijua nguruwe yake iko na hiyo kitu, hangoji broka. Anachinja usiku, anauzia majirani. Zile safi zinaenda mjini, zile chafu tunabaki nazo sisi wenyewe kijijini.

#23 Fundi_Kitimoto
Uyo wa Busia kaongea point ambayo hakuna mtu anataka kuisikia. Huku ni vilevile.

#24 Mchinjaji_Jr
Kushika ulimi kunasaidia lakini msiamini mia kwa mia. Nimeshachinja nguruwe ulimi msafi kabisa, nikapasua moyo nikakuta punje tatu. Wenye chache huwajui kwa ulimi.

Halafu mnatusema wachinjaji. Mtu analeta nguruwe mmoja, ndio ada ya mtoto. Umwambie kachimbe shimo uzike? Hakuna fidia, hakuna chochote. Mtendaji akija anatoza faini, basi. Ukimwambia ukweli, kesho anampeleka kwa mwingine, na wewe unaitwa mchawi wa nguruwe.

#25 Mtumishi_wa_Bonde
Narudia. Walawi 11. Mngesikia mapema.

#26 Mrangi_wa_Kondoa
Mtumishi, umesoma #11? Waliosikia Walawi 11 ndio haohao waliopata 😂

#27 Chumvi_Kidogo
Uzi ufungwe, Mrangi kamaliza 🤣🤣

#28 Mjukuu_wa_Laibon
Sisi tunakula ng'ombe. Figo mbichi inaliwa hapohapo ng'ombe akifunguliwa, bado ya moto. Damu tunakunywa. Na kweli kuna kipindi unaona vipande vyeupe bapa vinatoka, tena vinatembea vyenyewe, unavikuta kwenye nguo, hujaenda haja. Kuna mtu huku anaanguka? Wachache sana. Kwa hiyo hoja ya nyama mbichi mimi nakataa.

#29 Nesi_wa_Zamu
Mjukuu, ushahidi wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Vinavyotembea vyenyewe ni pingili za tegu wa NG'OMBE. Wa nguruwe hutoka na choo, zimetulia, mtu haoni kitu, ndiyo hatari yake. Na mayai ya tegu wa ng'ombe hayajengi vifuko ndani ya binadamu. Kwa hiyo mnapata mnyoo, hampati kifafa chake. Hiyo haimaanishi figo mbichi ni salama, maana kuna mengine.

#30 Aliyeishi_Addis
Wahabeshi nao. Nilikaa Addis miaka minne, nyama mbichi ya ng'ombe inaninginia dukani, unakatiwa, unachovya kwenye pilipili. Na wana dawa yao ya kale ya tegu, maua ya mti wa kosso, wanakunywa wakiona pingili. Kwao kutoa mnyoo ilikuwa jambo la kawaida kama sisi kunyoa nywele. Mti huohuo unaota hata huku kwetu juu kwenye milima mirefu, Meru na Kilimanjaro.

Nilikunywa mara moja. Sitaki kukumbuka.

#31 Chumvi_Kidogo
Tunataka ukumbuke.

#32 Aliyeishi_Addis
Choo kilikuwa cha pamoja, watu wa nyumba sita. Nimemaliza.

#33 Turkana_Lodwar_Boy
Na huku kwetu Turkana kuna ile ya vivimbe vya maji tumboni, mtu anavimba kama mjamzito, wanapasua wanatoa ndoo ya maji. Hiyo pia ni nyama mbichi?

#34 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Hapana kaka, hiyo ni ya mbwa. Mbwa anakula maini au mapafu ya mbuzi yenye vivimbe, anapata tegu mdogo sana, milimita chache, kisha mayai yanatoka kwenye kinyesi chake na kushika manyoya. Binadamu anaishi naye karibu, anameza mayai. Tena Turkana ilitajwa kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, Amref walikuwa na mpango wa kupasua na kupambana nayo kule kuanzia miaka ya 1980. Kwa hiyo hata hapo, aliyekula nyama mbichi ni mbwa.

#35 Baba_Ubaya_Ubwela
Na homa ya nguruwe je? Mwaka ule walikufa wote kijijini, tuliambiwa tusile.

#36 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Homa ya nguruwe ya Afrika haimpati binadamu. Inaua nguruwe na mfuko wa mfugaji. Mnakatazwa kula na kusafirisha ili isisambae kwa nguruwe wengine. Tusichanganye.

#37 Mwindaji_Mstaafu
Mnaongelea nguruwe wa nyumbani tu. Ngiri na nguruwe pori je? Hao hawazungukii vyoo vya watu, na bado wana mdudu wao wa kwenye misuli. Kenya waliwahi kuandika kisa cha vijana waliokula nguruwe pori karibu na Mlima Kenya wakaugua vibaya, homa, uso umevimba, misuli inauma hawawezi hata kunyanyua mkono. Huyo ni trikinela, si tegu. Huwezi kumwona kwa macho, hana punje. Simba na fisi wa Serengeti wanaye.

Sisi porini tulikuwa tunachemsha mpaka mfupa unaachia. Kuchoma tuliwaachia vijana.

#38 Mkwe_wa_Mbozi
Nimewasoma wote, nashukuru. Maswali matatu ya haraka: komoni inaua hao wadudu? Limao? Na nyama iliyokaushwa kwa moshi juu ya jiko?

#39 Chumvi_Kidogo
Komoni ingekuwa inaua, ukoo wa mkeo ungekuwa na afya kuliko wote nchini.

#40 Nesi_wa_Zamu
Hapana, hapana, na hapana. Limao na pilipili ni ladha. Moshi unakausha nje, pande nene ndani linabaki vilevile. Kinachoua ni moto kufika katikati. Kata vipande vidogo, chemsha kwanza ndipo uchome, hakikisha hakuna wekundu na maji yanayotoka ni meupe. Kwa kipimo, katikati ya nyama nyuzi 63 na kuendelea na kuiacha itulie dakika chache, ya kusaga 71.

Wewe binafsi: nenda upime choo baada ya miezi miwili hivi, si leo, mnyoo atakuwa bado hajakua. Usijinunulie prazikwanteli, dawa ya tegu, dukani ukameza kwa hofu. Dawa hiyo ikikuta mtu ana vifuko kichwani bila kujua, vifuko vinakufa kwa pamoja, ubongo unavimba, anaanguka au anapata shida kubwa zaidi. Iko niklosamidi ambayo inabaki utumboni, ila hiyo nayo ni kwa ushauri wa daktari.

#41 Msomaji_Kimya
Nyongeza tu. Shuleni wanafunzi wakipewa prazikwanteli za kichocho, dozi ile ni kubwa kuliko inayohitajika kwa tegu, kwa hiyo inaweza kumwua na tegu wa tumboni. Huko Peru, mkoa wa Tumbes, walifanya kazi kubwa zaidi: wakatibu watu, wakatibu nguruwe kwa oksifendazoli, wakawachanja na nguruwe, na maambukizi yakakatika karibu eneo zima. Chanjo ya nguruwe ipo. Kwa hiyo haishindikani.

#42 Mchinjaji_Jr
Peru walilipa nani? Huku kwetu dawa ya nguruwe ananunua nani, na ukimpa dawa huruhusiwi kumchinja kwa wiki kadhaa. Mwezi wa ada mtu hawezi kusubiri wiki.

#43 Mpogoro_Original
Kwanza nyumba ngapi zina choo? Tumeimbiwa Nyumba ni Choo redioni miaka, nenda vijijini uone: shimo limechimbwa, halina mlango, halina paa, kuku wanatagia humo. Linasubiri ukaguzi.

#44 Mkwe_wa_Mbozi
Mrejesho, wakuu.

Tulimshusha shemeji Mbeya, akapigwa picha ya CT kichwani. Hela tulichanga ukoo mzima, wengine waliuza mahindi kabla ya bei kupanda na wametulaumu. Daktari anasema kuna madoa mawili yameshakauka kama chokaa na moja bado lina maji. Anasema "inaelekea sana" ni tegu wa nguruwe, hakusema ni hakika. Ameanzishiwa dawa ya kifafa kwanza, ya kuua vifuko itafuata wakiwa wamemlaza, pamoja na ya kuzuia uvimbe. Daktari anadai huenda aliyameza hayo mayai miaka mitano iliyopita au zaidi.

Baba mkwe kasema: sawa, lakini shangazi yake je? Mama mkwe kasema: sawa, mdudu upo, ila nani kamtuma? Shemeji mwenyewe kauliza kama bado anaweza kuendesha bodaboda. Sikuwa na la kumjibu.

#45 Nesi_wa_Zamu
Bodaboda hapana kwa sasa, hata akikasirika. Na moto, asipike peke yake.

Mkwe, umebakiza kazi moja. Aliyekuwa na tegu miaka hiyo anaweza kuwa bado anaye, au kuna mwingine. Pingili moja ina mayai kama elfu hamsini. Wapimwe choo wote wanaokula chungu kimoja na shemeji yako, kuanzia mpishi.

#46 Mkwe_wa_Mbozi
Nesi, mpishi ni mama mkwe.

#47 Chumvi_Kidogo
😂😂😂😂😂😂

#48 Mrangi_wa_Kondoa
Innalillahi. Mkuu unakwenda kumwomba mama mkwe choo kikubwa kwenye kopo?

#49 Baba_Ubaya_Ubwela
Kule kwao mkwe hata kupishana naye njiani unaingia kichakani. Leo umpelekee kopo. Rudisha mahari tu, utakuwa umemaliza haraka.

#50 Fundi_Kitimoto
Mtume mkeo.

#51 Mkwe_wa_Mbozi
Nimemtuma. Kasema yeye hawezi kumtamkia mama yake kwamba ndiye aliyemwangusha mtoto wake wa kiume, halafu eti kwa mavi. Tumenuniana siku ya tatu leo.

#52 Bwana_Mifugo_Mstaafu
Usiseme ni mama. Sema daktari anataka nyumba nzima, kuanzia baba mkwe, na wewe mwenyewe uwe wa kwanza kubeba kopo mbele ya watu. Ndivyo nilivyokuwa nafanya na nguruwe: nikitaka kukagua wa mtu mmoja, nakagua wa kitongoji chote, hakuna anayeona aibu.

#53 Mama_Degedege
Na mpelekee mama sabuni na ndoo yenye koki, kama zawadi. Usieleze.

#54 Chumvi_Kidogo
Afisa mifugo kawaweka wakwe kundi moja na nguruwe na hakuna aliyemkemea 😂

#55 Mkwe_wa_Mbozi
Wazo la #52 nalichukua. Jumamosi napanda, makopo kumi na mawili nimeshanunua, sabuni na ndoo pia. Ila nimepigiwa simu sasa hivi: kwa kuwa mkwe anakuja, kuna nguruwe amefungwa tangu asubuhi.

#56 Mluhya_wa_Busia
Boss, beba kijiti na kitambaa.